Kutumia neno “blarney” bila kuboronga

“Blarney” ni neno la Kiingereza lenye maana ya sifa tamutamu ambazo msemaji mwenyewe haziamini, ila anazimwaga kwa ufasaha mpaka anayesifiwa anacheka na kukubali. Ni kumvika mtu kilemba cha ukoka, lakini kwa ucheshi. Hutamkwa “blaani”, mkazo ukiwa mwanzoni. Waayalandi na Wamarekani huitamka r waziwazi.

Jina limetoka kwenye kasri la Blarney, karibu na Cork huko Ayalandi, ambalo mnara wake ulijengwa mwaka 1446. Juu ukutani kuna jiwe linalosemekana humpa anayelibusu ulimi wa kushawishi. Kulibusu kwenyewe kuna kazi: unalala chali, unashika vyuma, kisha unarudisha kichwa nyuma na chini. Kwa kuwa Blarney ni jina la mahali, kasri huandikwa kwa B kubwa, na sifa za uongo kwa b ndogo.

Wengi huteleza kwenye sarufi. Nomino hii haihesabiki, kwa hiyo usiandike “a blarney” wala “blarneys”. Ukitaka kuonyesha kiasi, tanguliza “a bit of” au “a lot of”: “He got past the guard with a bit of blarney”, yaani alimlainisha mlinzi kwa maneno akapita. Ukimkatalia mtu, sema “Don’t give me that blarney”, usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Kitenzi kipo pia (“She blarneyed him into signing”, yaani alimlainisha kwa sifa mpaka akatia saini), lakini ni nadra. “Sweet-talk” husikika zaidi.

Angalia na uzito wake. “Flattery”, yaani sifa za kumpendeza mtu, hufaa karibu popote, hata kwenye maandishi rasmi. “Sycophancy” ni uchawa: mtu anajidhalilisha kwa mkubwa ili apate kitu. Mwenye “blarney” hajidhalilishi. Anacheza na maneno, na mara nyingi anayeambiwa anajua hivyo. Ukiandika malalamiko kuhusu mfanyakazi anayemsifu bosi kutwa, kisha ukatumia “blarney”, utaonekana unatania.

Kwa kuwa neno limefungamana na Ayalandi, kumwambia Mwayalandi usiyemzoea kwamba amejaa “blarney” kunaweza kumkera, kana kwamba umewasema wote. Na usilichanganye na “baloney”, ambalo ni upuuzi mtupu, usio na sifa ndani yake.