Jinsi ya kuotesha upya silia za njia ya hewa

Mtoto anayekohoa tangu azaliwe anaweza kuwa na silia (vinyweleo vidogo sana vya seli vinavyosukuma ute) zilizolemazwa na maambukizi, au alizaliwa nazo hivyo. Ukitazama seli zilizotoka puani moja kwa moja, ni vigumu kutofautisha. Ndiyo maana mimi huziotesha upya, mbali na maambukizi.

Sugua ndani ya pua kwa brashi laini upate seli za msingi, zile zinazozaa nyingine zote. Zipande kwenye kikombe chenye utando wa matundu ya mikromita 0.4, uliopakwa kolajeni (protini ya kuzishikiza seli), ndani ya inkubeta ya nyuzi 37. Mwanzoni lishe, yaani kimiminika cha kuzikuza seli, iwe juu na chini ya utando. Zikishikana bila pengo, ondoa ya juu yote: kuanzia hapo zinakula kwa chini, na juu zinapigwa na hewa. Usiharakishe hatua hii. Zisiposhikana, lishe hupenya ikalowesha uso, na silia haziji vizuri. Hakikisha lishe mpya ina asidi ya retinoiki, itokanayo na vitamini A; bila hiyo seli huwa bapa na kukakamaa kama ngozi ya kisigino.

Wengi husubiri silia nyingi ndipo watazame. Wanakosa jambo kubwa. Chukua kikombe kimoja mapema, kihifadhi kwa fomalini, tia rangi inayoonyesha tyubulini, protini inayojenga silia: utaona seli zenye silia moja moja, fupi, isiyopiga. Hiyo hupokea ishara tu, na baadaye hutoweka. Wakati huohuo seli jirani zinapangiana kazi kwa Notch, ishara inayopita kati ya seli zinazogusana. Seli iliyopata ishara nyingi itatoa ute. Iliyopata kidogo huwasha jeni za MCIDAS na FOXJ1, hutengeneza sentrioli (vishina vya silia) kwa mamia, na kila sentrioli huotesha silia yake. Seli moja hufikisha 200 hadi 300. Dawa ya DAPT huzuia Notch na kuongeza seli zenye silia nyingi, lakini kwa seli za mgonjwa siitumii: nataka uwiano wake mwenyewe.

Kwenye wiki ya tatu au ya nne, osha ute taratibu, pasha meza ya hadubini (baridi hupunguza kasi), kisha rekodi video. Silia zenye afya hupiga takriban mara 10 hadi 15 kwa sekunde, zote upande mmoja. Zikipiga hivyo, tatizo la awali huenda lilikuwa maambukizi. Zikisimama tena, peleka sampuli kwenye hadubini ya elektroni ikaguliwe mikono ya dainini (protini zinazoendesha silia), na uombe kipimo cha jeni.