Kuingia Kofa na gari-nyumba

Hifadhi ya Kofa, kusini-magharibi mwa Arizona, Marekani, ilianzishwa mwaka 1939 kwa ajili ya kondoo-mwitu wa jangwani wenye pembe za kujikunja. Kiingilio hakuna. Maji ya bomba, umeme na mahali pa kumwagia tangi la choo navyo hakuna, kwa hiyo safari huamuliwa Quartzsite, mji wa mwisho ukitokea kaskazini.

Hapo jaza maji, gesi na mafuta, kisha mwaga matangi yote ya maji machafu. Watu wawili kwa siku 5, lita 15 kila mmoja kwa siku, wanahitaji lita 150. Ongeza madumu yenye lita 20 za kunywa, maana pampu ya gari ikifa, maji ya tangini hayatoki. Mara nyingi kinachowarudisha watu mjini mapema ni tangi la maji ya sinki na bafu kujaa, na kuyamwaga ardhini ni marufuku. Oshea vyombo kwenye beseni, kisha maji hayo yasukumie choo.

Nenda kati ya Novemba na Machi. Kiangazi joto hupita nyuzi 40. Usiku wa Januari baridi hukaza, na hapo ndipo betri huisha: feni ya hita ya gesi ikila ampea 7 kwa saa 6, umetumia ampea-saa 42. Betri ya risasi ya ampea-saa 100 haifai kushushwa chini ya nusu. Ukiongeza taa na pampu, asubuhi betri imelala. Pasha chumba joto kabla ya kulala, zima, jifunike vizuri.

Kutoka Quartzsite shika barabara kuu ya US 95 kuelekea kusini kama kilomita 29 hadi kibao cha Palm Canyon, kisha kata mashariki. Mbele ni kilomita 11 za vumbi na mawimbi kama ya bati, yanayolegeza skrubu za kabati na kufungua milango ya friji. Funga kila kitu, nenda polepole. Usishushe upepo wa tairi kama huna pampu ya kuurudisha: kwa uzito ule, tairi laini hupata moto na kupasuka ukirudi lami. Gari refu liegeshe kilomita chache za mwanzo. Mwisho wa barabara nafasi ya kugeuzia ni finyu.

Kaa ndani ya mita 30 kutoka barabarani, palipokwisha kutumika, na mita 400 kutoka chanzo cha maji. Mwisho ni siku 14 katika miezi 12. Usilale kwenye mkondo mkavu hata mbingu ikiwa nyeupe. Mvua ya milimani hushuka bila kukuuliza. Ukiona kipande cha chuma kisichoeleweka, usikiguse: majeshi yalifanyia mazoezi hapa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia.

Njia ya miguu ya Palm Canyon ni kama mita 800 kwenda, yenye mawe. Mitende ya asili imejibana kwenye ufa mwembamba upande wa kaskazini; nenda karibu na saa sita mchana, ndipo jua linapoufikia. Kondoo watafute alfajiri kwa darubini: pitisha macho taratibu kwenye miamba ukitafuta weupe wa matako yao, maana mwili wote una rangi ya jiwe. Beba chanuo. Kipande cha dungusi aina ya cholla kikikunasa, usikivute kwa vidole. Kipenyeze chanuo chini yake, ukirushe mbali.

Usiku acha boneti wazi. Panya wa jangwani hupenda giza na joto la injini, nao hutafuna nyaya.