Ukiwa intani wa bahari na umepewa watoto wa shule, anza na mwezi

Nilifanya atachmenti miezi mitatu huku Gazi, Kwale, pwani ya Kenya, na kazi yangu kubwa ilikuwa kuwafundisha wanafunzi wa praimari habari za bahari, sasa nawaandikia nyinyi mnaokuja.

Kabla hujaandika hata lesoni moja, angalia mwezi. Maji ya bamvua yanakuja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, hapo ndo bahari inatoka mbali kabisa, na huku kwetu inakuwa imekupwa kama saa nne saa tano asubuhi, yani wakati mzuri kabisa wa shule. Mimi mara ya kwanza nilikubaliana tarehe na mwalimu bila kuangalia, tukaenda na darasa zima siku za maji mafu, yani bahari haitoki mbali, mwamba wa matumbawe haukutoka, watoto wamesimama ufuoni wanatazama maji tu. Iliniuma sana kwa sababu wengine walikuwa wametoka mbali kwa miguu.

Siku ukishaipata ongea na mwalimu mkuu, halafu nenda kwa wazee wa BMU, kamati ya wavuvi inayosimamia ufuo, uwasalimie na uwaombe mtu mmoja awasindikize, anajua wapi pana shimo na wapi maji yanarudi haraka. Mnaingia mwambani kama saa moja na nusu kabla maji hayajakupwa kabisa, na yakianza tu kujaa mnageuka, hata kama watoto wanalia kubaki. Kila mtu avae raba, sandozi hapana, kuna wale viumbe wa miiba mirefu myeusi na kuna samaki anayefanana na jiwe kabisa. Makombe yenye umbo la koni hakuna kuokota, mengine yana sumu inayoweza kuua mtu. Wahesabu watoto mkiingia, wahesabu mkitoka.

Sasa kufundisha kwenyewe. Usianze kuongea, uliza. Hawa ni watoto wa wavuvi, mama zao wanashika pweza, wana majina ya Kidigo ya vitu ambavyo wewe unavijua kwa Kilatini tu, acha wakutajie kwanza uandike. Mimi nilikuja na maelezo marefu kuhusu pweza, kumbe kijana wa darasa la sita alishajua pango lake linaonekanaje, alichokuwa hajui ni kwamba pweza jike akitaga anakaa na mayai yake bila kula mpaka yaanguliwe, kisha anakufa. Alinyamaza, halafu akauliza, kwa hiyo tukimtoa na mayai tunamaliza wote? Swali hilo lilifundisha kuliko mimi.

Jiwe mkiligeuza lirudisheni vile vile, kuna viumbe wanaishi chini yake na jua linawaua.

Kwa vifaa hauhitaji pesa nyingi, funga kamba kwenye vijiti vinne upate mraba wa nusu mita kila upande, tupeni chini sehemu kadhaa, hesabuni kilichomo, matumbawe, nyasi za bahari, kiti cha pweza (yule wa umbo la nyota), andikeni. Watoto wanapenda kuhesabu kuliko kusikiliza na mimi naona wako sawa.

Mvua ikiwazuia kwenda mwambani hamia mikokoni. Mpe kila mtoto jani la mchu, aina moja ya mikoko, alilambe, atasikia chumvi, hapo ndo umueleze kwamba mti unaitoa chumvi kupitia majani. Waonyeshe mbegu ya mkoko ilivyoota ikiwa bado juu ya mti, kisha waichomeke wenyewe kwenye tope. Hapa Gazi ni rahisi kuwaonyesha faida kwa sababu mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza 2013, hekta 117, unauza kaboni, yani watu wanalipia hewa chafu ambayo mikoko inaihifadhi, na pesa zimeleta maji na vitabu vya shule, kwa hiyo mtoto anakuelewa haraka ukisema mkoko umenunua kitabu chake.

Mkimaliza muachie mwalimu ule mraba na karatasi za hesabu, usiondoke nazo, mkubaliane bamvua ijayo mrudi palepale mhesabu tena.