Nyoka wa Nokia na mtaji wa duka
Wewe unayefungua duka Majengo au Sabasaba hapa Dodoma, ikumbuke gemu ya nyoka, ile ya Taneli Armanto, mhandisi wa Nokia, iliyoingia kwenye Nokia 6110 mwaka 1997. Nyoka akiwa mfupi, unakata kona unavyotaka. Akirefuka kwa kila chakula anachokula, adui yake mkubwa ni mkia wake mwenyewe. Tuliofika mbali tulimpitisha pembeni, tukimkunja taratibu, chakula kikae hapo katikati mpaka tuone njia ya kutokea. Mtaji nao ndivyo ulivyo. Mwaka jana nilikimbilia magunia ya alizeti ya bei poa kabla sijadai madumu ya mafuta niliyokopesha. Kodi ya fremu ikanikuta mikono mitupu. Siku hizi natenga kwanza kodi ya miezi mitatu, ndipo naulizia bei ya gunia.