Jinsi ya Kujenga Mji wa Waelfi Unaokalika: Kuanzia Umri Hadi Ramani

Miji mingi ya Waelfi, wale viumbe wa hadithi wanaofanana na watu lakini wanaoishi karne nyingi, ninayoletewa nichore imeanza na picha: minara meupe, maporomoko ya maji, taa zinazoelea hewani. Inapendeza. Halafu mchezaji mmoja mezani anauliza, "Watu wa hapa wanakula nini?" na mchezeshaji, yule anayeongoza mchezo, hana jibu, kwa kuwa mji ulipata majengo kabla ya kupata wakazi.

Kazi yangu ni kuchora ramani na kuandaa miji ya kubuni kwa waandishi wa fantasia na kwa meza za michezo ya kuigiza wahusika. Kwa Waelfi nina utaratibu mmoja nisioubadilisha: naanza na umri wao. Kiumbe anayeishi karne saba hawezi kujenga, kulima, kurithi wala kupigana kama sisi. Ukilishika hilo barabara, sehemu kubwa ya mji itajitokeza yenyewe. Na uwanja ni wazi kabisa. Mashairi ya kale ya Iceland yanaitaja Álfheimr, yaani makao ya Waelfi, ambayo mungu Freyr alipewa zawadi alipoota jino, lakini hayasemi lolote kuhusu barabara zake wala visima vyake. Hayo ni yako.

Andaa penseli, kifutio, rula, karatasi ya miraba na kikokotoo cha simu. Kompyuta tutaihitaji mwishoni tu.

Hatua ya 1: Amua umri, kisha hesabu watoto

Chagua idadi ya wakazi na umri wanaoishi. Hapa nitatumia wakazi 6,000 na miaka 700. Kama idadi ya watu haipandi wala kushuka, na karibu wote wanafika uzeeni, gawanya wakazi kwa umri. 6,000 kwa 700 ni kama 8.6. Maana yake, mji mzima unapata watoto wanane au tisa kwa mwaka, na unazika watu wanane au tisa. Mji wa binadamu wenye watu hao hao, wakiishi miaka 70, ungepata watoto 86.

Kaa na namba hiyo kabla ya kuendelea, maana ndiyo inayobeba kila kitu. Kama Mwelfi anakua kwa kasi yetu, walio chini ya miaka 20 hawafiki 180 katika mji mzima. Hakuna haja ya shule kumi. Ipo moja, na kila mtu anamjua kila mtoto kwa jina. Kama utoto wao unachukua miaka 100, watoto ni karibu 860, na hapo unahitaji mitaa ya watu ambao ni wadogo kisheria lakini wamesoma kwa miaka themanini. Chagua mojawapo sasa hivi na uiandike. Ukiliacha jambo hili likiwa nusunusu, litakusumbua katika kila sura ya hadithi.

Sasa tazama vita. Pigano moja likiua Waelfi 300, limeondoa idadi sawa na watoto wote waliozaliwa kwa miaka 35. Taifa la binadamu linaweza kuziba pengo hilo ndani ya miaka michache, hawa hawawezi. Hapo ndipo upinde unapopata maana, kwa sababu unaua adui akiwa mbali. Hapo pia ndipo mji uliofichwa unapopata maana, na lango jembamba, na ile tabia ya kujadiliana miezi mizima kabla ya kutuma askari hata mmoja. Watu huita hiyo kiburi cha Waelfi. Kwenye ramani yangu ni hesabu ya makaburi.

Hatua ya 2: Panga vyeo na kumbukumbu

Fundi mkuu wa wahunzi ameshika nafasi yake miaka 400. Mwanafunzi wake ana miaka 250, ana kipaji kuliko yeye, na hana dalili ya kurithi karakana. Mji wako utamfanyia nini? Weka sheria. Ninayoipenda mimi ni ya kupokezana: baada ya miaka 60 katika kazi ya uongozi, mtu analazimika kuiacha na kuanza kazi nyingine kutoka chini. Hakimu anakuwa mfuga nyuki. Jemadari wa zamani anajifunza kufuma. Sheria hiyo moja inakupa wahusika wenye tabaka nyingi bila kuwaandikia historia ndefu, na inakupa kundi la wazee wanaoichukia kimyakimya.

Nyumba nazo. Ukichukua kwamba vizazi vinapishana kwa miaka 200, basi babu, mzazi, mtoto na mjukuu wako hai pamoja, na wote ni watu wazima. Nyumba haigawanywi kwa urithi kama tulivyozoea, inaongezewa vyumba. Chora nyumba zinazopanuka kutoka kiini kimoja cha kale, na uonyeshe kwamba vyumba vya nje ni vya mtindo mpya kuliko vya ndani.

Kisha chagua tukio moja baya lililotokea miaka 500 iliyopita: usaliti, njaa, ndugu waliotengana kwa upanga. Katika mji wa binadamu hiyo ni historia ya vitabuni. Hapa mashahidi wapo hai na wanakutana sokoni. Andika nani hasemi na nani, na mtaa upi hakuna mtu wa ukoo fulani anayepita. Jambo hili linastahili jioni nzima ya kazi. Ukilifanya vizuri, mgeni atakayeingia mjini atahisi kuna kitu hakisemwi, hata kabla hujamwambia ni kitu gani.

Hatua ya 3: Tafuta maji yaliyo juu ya mji

Mji wa mitini unaning'inia mita 30 kutoka ardhini. Mkadirie kila mtu lita 20 kwa siku za kunywa, kupika na kunawa: ni lita 120,000, yaani tani 120 za maji zinazopandishwa kila siku. Usimwachie mchawi kazi hiyo. Weka msitu kwenye bonde, na chemchemi kwenye mteremko ulio juu kuliko makazi, ili maji yashuke yenyewe kwa mifereji. Mteremko mdogo unatosha. Warumi walipeleka maji hadi Nîmes, kusini mwa Ufaransa, kwa mfereji wa karibu kilomita 50 ambao toka mwanzo hadi mwisho unashuka chini ya mita 20.

Chora chemchemi, chora mto, weka mshale wa mkondo. Vyoo, machinjio na watengeneza ngozi wakae upande wa chini wa mkondo. Basi.

Hatua ya 4: Lisha wakazi bila kufyeka msitu

Hapa waandishi wengi huandika "matunda na asali" na kuendelea. Tuhesabu. Mtu mzima anahitaji takribani kilokalori 2,000 kwa siku. Chesinati, kokwa za wanga za mti wa Ulaya unaoishi karne nyingi, zina takribani kilokalori 2,000 kwa kilo zikiwa mbichi na zimemenywa. Kilo moja kwa mtu kwa siku, basi. Kilo 365 kwa mwaka. Hekta moja ya miti hiyo nikiipa tani moja ya mavuno, inalisha watu wasiozidi watatu. Wakazi 6,000 wakila chesinati tupu wanahitaji kama hekta 2,200, yaani kilomita za mraba 22.

Wakipata nusu ya chakula kutoka kwenye samaki, swala, uyoga na asali, zinabaki kilomita za mraba 11: duara ambalo kutoka katikati hadi ukingoni ni karibu kilomita mbili. Huo ndio msitu wako, na sasa una ukubwa. Kila mti ndani yake una mwenyewe, au una ukoo unaoutunza.

Mfano wa kweli upo. Huko Castagniccia, katika kisiwa cha Corsica, watu waliishi kwa unga wa chesinati vizazi na vizazi, wakizikausha kwa moshi ndani ya nyumba maalumu. Chora nyumba hizo za kukaushia. Zinatoa moshi kila vuli kwa wiki kadhaa, na moshi unaonekana mbali. Mji wako uliofichwa una msimu mmoja wa mwaka ambapo hauwezi kujificha.

Hatua ya 5: Chumvi inatoka wapi?

Swali hili ndilo linaloibua hadithi kuliko yote ninayoyajua, na halina ukubwa wowote kwenye ramani. Gramu 5 kwa mtu kwa siku, mara 6,000, mara 365: karibu tani 11 kwa mwaka. Haioti mitini. Ikibebwa na farasi wa mizigo, kilo 80 kila mmoja, ni mizigo 137. Basi kuna njia, kuna watu wanaoijua, na kuna binadamu au mbilikimo wa hadithi (dwarf) mahali fulani anayewauzia Waelfi chumvi na anayeweza kusema "mwaka huu hapana". Chora njia hiyo kwa nukta. Amua inaishia wapi: sikushauri iingie mjini. Weka kituo nusu siku kutoka langoni, ambapo wageni wanashusha mizigo na kurudi. Mahali hapo patakuwa na lugha mchanganyiko, wapelelezi, na penzi moja lisiloruhusiwa.

Hatua ya 6: Chagua miti, halafu jenga

Miti inayojulikana kuwa mirefu kuliko yote duniani ni ile misekwoya (redwood) ya pwani ya California, ambayo mrefu kuliko yote unapita mita 115. Barani Afrika, wanasayansi walitangaza mwaka 2016 kwamba mti wa Entandrophragma excelsum kwenye bonde moja la Kilimanjaro umefika mita 81.5. Tumia vipimo hivyo kama dari. Mti wa mita 80 unakupa nafasi ya makazi kati ya mita 20 na 45. Juu zaidi matawi ni membamba na upepo unayatikisa. Kwa hiyo hakuna kuta za mawe juu. Sakafu za mbao, kuta za gome na nguo, paa jepesi.

Kwa madaraja, tazama Meghalaya, kaskazini mashariki mwa India. Wakhasi huongoza mizizi ya angani ya mti wa Ficus elastica kuvuka mto, wakiipitisha ndani ya vigogo vya mpopoo vilivyotobolewa, mpaka ishike ng'ambo na kunenepa. Daraja linachukua miaka mingi kubeba watu, na likitunzwa linazidi kuwa imara kadiri mti unavyokua. Sijaona teknolojia inayowafaa Waelfi kuliko hii. Mtu anayeishi miaka 700 anaweza kupanda daraja ujanani na kulipita uzeeni. Kwenye ramani weka madaraja ya umri tofauti: moja nene la barabara kuu, machache ya wastani, na mawili ambayo bado ni mizizi myembamba, yenye kamba za kushikilia. Watoto wanakatazwa kuyapita.

Usiogope kwamba mbao zitaoza kabla ya wenyewe. Hekalu la Hōryū-ji huko Nara, Japani, lina majengo ya mbao yaliyosimama zaidi ya miaka 1,300. Ni chini ya umri wa Waelfi wawili.

Hatua ya 7: Moto

Mwaka 1666 moto ulioanzia kwenye duka la mwoka mikate uliteketeza nyumba zaidi ya 13,000 jijini London. Mji wako wote ni mbao. Majiko yote yawe chini, kwenye majengo ya mawe kando ya mto, na chakula kipandishwe kikiwa tayari. Hivyo watu hula pamoja, mtaa kwa mtaa. Wahunzi wapeleke ng'ambo ya maji. Na taa za juu? Hapo ndipo uchawi unapokuwa na kazi ya kweli. Ruhusu taa zisizo na moto, na uzifanye kuwa ghali.

Hatua ya 8: Majina

Chagua konsonanti sita na vokali nne, usitoke nje yake. Mimi hutumia l, r, n, v, s, th, na kumalizia silabi kwa vokali ili msomaji wa Kiswahili atamke bila kujikwaa: Velunari, Siruvela, Thanaru. Tupa herufi za urembo na vistari vya juu (') visivyo na kazi. Mitaa ya kale iwe na majina mafupi, mitaa mipya majina marefu.

Hatua ya 9: Chora

Mraba mmoja uwe mita 100. Fuata mpangilio huu: mteremko, chemchemi, mto, msitu wa chakula, njia ya chumvi, majiko, miti mikubwa, madaraja, nyumba. Minara, kama bado unaitaka, iwe ya mwisho, na kila mmoja uwe na kazi iliyoandikwa ubavuni.

Piga picha mchoro, uingize kwenye Krita au GIMP, ambazo ni programu za bure, na uchore juu yake kwa tabaka tatu: ardhi, ghorofa ya kati, ghorofa ya juu. Bila kutenganisha tabaka, ramani ya mji wa mitini haisomeki.

Kabla ya kupaka rangi, tembeza watu watatu kwa kidole: mfuga nyuki wa miaka 600 anayeshuka kula, mtoto anayekwenda shule, na mchuuzi wa chumvi anayetaka kumwona daktari usiku. Pima kila safari kwa rula. Ikiwa mzee analazimika kushuka zaidi ya ngazi moja ndefu ili apate chakula, hamisha jiko au mpe winchi. Na ikiwa mchuuzi anafika kwa daktari bila kupita kwa mlinzi yeyote, rudi kwenye lango.