Somo: Mwanafunzi ashike chaki, tujifunze Kiingereza cha mwanzo

Somo hili ni la vikundi vya watu wazima wanaokutana jioni baada ya kazi, kama chetu hapa Manyatta, Kisumu: akina mama wa samaki, watu wa boda, mafundi wa cherehani. Hatuna mwalimu wa kulipwa. Kila kipindi kinaongozwa na mwanafunzi, na anayeongoza ndiye hujifunza zaidi, maana lazima ajiandae.

Hatua ya 1. Pangeni zamu kwenye daftari, kila mtu aijue siku yake mapema. Asiyesoma vizuri aongoze na mwenzake, lakini asirukwe.

Hatua ya 2. Kiongozi achague maneno kumi ya kazi yake mwenyewe. Simba na tembo wa vitabu vya watoto wangoje. Mama anayeuza samaki soko la Kibuye anahitaji "fresh", "dried", "cheap", "change". Mtu wa boda anahitaji "left", "right", "stop here". Aje na vitu vyenyewe: mzani, helmeti, tepu ya fundi.

Hatua ya 3. Kanuni moja tu ya sarufi, na hapa msiharakishe. Mama mmoja wa samaki aliandika ubaoni:

Today I buy fish.
Yesterday I bought fish.
Tomorrow I will buy fish.

Kisha akafuta "fish", akaweka "omena" (dagaa), akamwelekezea kila mtu chaki ajibu. Kijana wa boda akasema "Yesterday I buyed omena." Mama hakumkemea, aliuliza tu, "Nani ana jibu lingine?" Fundi akatoa "bought", na kijana akarudia sentensi nzima.

Kosa lile lina sababu. Kwa Kiswahili tunabadilisha -li-, -na-, -ta-, na mzizi unabaki vilevile: nilinunua, nanunua, nitanunua. Kiingereza huongeza -ed kwenye vitenzi vingi, kama "walk" na "walked", lakini vingi tunavyovitumia kila siku hugeuka umbo: sell/sold, go/went, come/came. Hivyo vikaririwe wawili wawili, kwa sauti, ndani ya sentensi.

Hatua ya 4. Igizeni muuzaji na mteja, kisha mbadilishane. Msikatizane. Anayejua zaidi akae nyuma, aandike makosa, ayataje mwishoni bila kutaja majina ya watu. Mtu mzima akikosolewa kila sentensi hunyamaza, na wiki inayofuata haji. Naomba sana mlishike hili.

MASWALI YA WANACHAMA

Nyalenda: Je, kiongozi akifundisha kosa?
Jibu: Amwonyeshe anayejua zaidi maneno yake siku moja kabla, na kamusi iwe mezani. Kosa likipita, lirekebishwe kabla watu hawajaenda nyumbani.

Ahero: Mwalimu, sisi "he" na "she" tunazichanganya kila mara.
Jibu: Ni kawaida. "Yeye" ya Kiswahili na "en" ya Dholuo hazibagui mwanamume na mwanamke. Msieleze sana, fanyeni zoezi: kila mtu amtaje jirani yake. "She sells tomatoes. He repairs shoes." Sikilizeni na ile -s ya mwisho, husahaulika.

Nakuru: Nafanya kazi hotelini. Nilimwambia mgeni "two o'clock" nikimaanisha saa mbili asubuhi, akachelewa gari.
Jibu: Pole sana. Tofauti ni saa sita. Saa mbili asubuhi ni "eight o'clock", saa kumi jioni ni "four o'clock". Leteni saa ya ukutani: mshale mfupi ukionyesha 8, namba inayotazamana nayo ni 2, na hiyo ndiyo saa yetu. Atakayeongoza azungushe mishale, wengine wataje kwa lugha zote mbili.

Mumias: Tuna mzee anayekataa kabisa kuongoza.
Jibu: Mwachieni salamu za kufungua kipindi. Aulize kila mmoja "How was your day?" na kila mmoja amjibu kwa sentensi kamili. Akizoea, mwongezeeni swali la pili.