Kupima jinsia kando na jinsi katika utafiti wa afya: mwongozo kwa wanaoandaa dodoso

Madodoso mengi ya afya yana kisanduku kimoja juu kabisa: Me au Ke. Mchambuzi akikuta wanaume wengi kuliko wanawake wana presha isiyodhibitiwa, anaandika "tofauti za kijinsia" na kazi inaishia hapo. Kisanduku kile hakiwezi kusema kama tofauti imetokana na homoni na figo, au na kibarua kisicho na ruhusa ya kwenda kliniki, ilhali mwenzake wa kike alipimwa presha kila alipohudhuria kliniki ya wajawazito.

Hapa jinsi ni ya mwili. Jinsia ni majukumu, matarajio ya jamii na nani ana kauli juu ya nani. Mfano tutakaoutumia ni utafiti wa presha kwa watu wazima katika kata.

Hatua ya 1: Andika njia kabla ya kuandika swali

Chora safu mbili. Upande wa jinsi weka mambo ya mwili yanayogusa matokeo yako: mimba, kukoma hedhi, kanuni ya kukadiria utendaji wa figo kwa kreatinini (taka ya mwili inayopimwa kwenye damu), na kiwango cha damu (kwa WHO, upungufu huanza chini ya 13 g/dl kwa wanaume na chini ya 12 kwa wanawake wasio wajawazito). Upande wa jinsia weka: nani anashika hela ya dawa, nani ana muda wa kukaa foleni asubuhi nzima, nani anatia chumvi kwenye mboga, nani anakunywa pombe na wenzake jioni.

Kila jambo lichorewe mshale hadi kwenye presha. Lisilo na mshale litoe. Vigeu (yaani mambo unayoyapima) vinne hadi sita vya jinsia vinatosha. Dodoso la saa moja na nusu huzaa majibu ya kukamilisha tu.

Hatua ya 2: Swali la jinsi

Andika Me na Ke, kamwe usiandike M: mwanaume na mwanamke wote wanaanza na M, na karani wa pili hatajua wa kwanza alikusudia nini. Mhojaji aulize, asikisie kwa kutazama. Kisha ongeza maswali ya mwili yanayojitegemea: una mimba sasa? Hedhi imekoma? Unatumia vidonge, sindano au kipandikizi cha uzazi wa mpango? Vidonge vyenye estrojeni vinaweza kupandisha presha, hivyo Ke peke yake haitoshi hata kwa upande wa mwili.

Huko Marekani, National Academies (taasisi za kitaifa za sayansi) walipendekeza mwaka 2022 maswali mawili: jinsi uliyoandikiwa ulipozaliwa, halafu jinsia unayojitambulisha nayo sasa. Usiyanakili tu na kuyapeleka kijijini. Uganda ina sheria kali ya mwaka 2023 dhidi ya mapenzi ya jinsia moja, na Tanzania na Kenya nazo zina vifungu vya adhabu. Jibu la utambulisho likivuja, au likitafsiriwa vibaya, mhojiwa ndiye anayebeba hatari. Kama utambulisho haumo kwenye mishale yako, usiuulize: majukumu na maamuzi hupimika bila huo. Kama umo, ieleze kamati ya maadili utakavyotenga faili hilo na majina, namba za simu na mahali palipoonyeshwa na GPS.

Hatua ya 3: Chagua vipimo vilivyopo

Kipimo cha Chuo Kikuu cha Stanford cha mwaka 2021 kina maswali 25 yanayopima mambo saba: mzigo wa kulea na kuuguza, mzigo wa kazi, kujitegemea, kuthubutu hatari, uelewa wa hisia, msaada wa watu na kubaguliwa. Kilijaribiwa kwa Wamarekani. Kichukue kama ghala la mawazo. Usikidhanie kuwa tayari.

Karibu na nyumbani kuna maswali ya uamuzi ya DHS, utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya: nani anaamua kuhusu matibabu yako, manunuzi makubwa ya kaya, na kutembelea ndugu. Yameulizwa Kenya na Tanzania kwa miaka mingi, kwa hiyo utapata cha kulinganisha nacho. Hasara yake ni kwamba yamelenga waliooa au kuolewa, na mjane au kijana anayeishi kwa kaka yake unampoteza. Kwa matarajio ya jamii, kipimo cha GEM (cha mitazamo kuhusu usawa wa wanaume na wanawake) kilichoanzia Brazili kimeshatumika Afrika Mashariki.

Kipimo cha Bem cha mwaka 1974, cha sifa za "kiume" na "kike", kiache. Sifa zake 60 zilichujwa kwa maoni ya wanafunzi wa chuo wa Marekani wa wakati ule.

Hatua ya 4: Tunga maswali ya Kiswahili

Hapa ndipo data nyingi huharibika, tena kimya kimya.

Neno "jinsia" lenyewe lisionekane kwenye dodoso, kwa sababu mtaani linabeba maana zote mbili. Uliza mambo.

Usiulize "Unafanya kazi?" Mama anayechoma vitumbua kila alfajiri atakujibu, "Hapana, nipo tu nyumbani." Uliza: "Katika siku 30 zilizopita, umeuza, umelima au umefanya chochote kilichokuingizia hela au chakula?" Kisha taja mifano ya eneo hilo.

Kwenye uamuzi, wengi husema "tunashauriana." Ni jibu la heshima. Lipokee, kisha ongeza: "Mkitofautiana, neno la mwisho huwa la nani?" Rekodi yote mawili katika safu tofauti.

Muda wa kazi za nyumbani uliza kwa kupitia siku ya jana, vipande vya nusu saa, na kila kipande uliza, "Na mtoto au mgonjwa alikuwa chini ya nani?" Bila swali hilo, malezi yanayofanyika huku mtu anapika hayahesabiki. Andika pia kama jana ilikuwa siku ya gulio, Ijumaa, msiba au Ramadhani. Halafu kuna saa zetu: mhojiwa akisema "niliamka saa kumi na moja," mhojaji mwenye haraka anaingiza 11:00 kwenye kishikwambi badala ya 05:00. Kwenye KoboToolbox (programu ya kukusanyia data) weka orodha ya kuchagua ("saa 11 alfajiri", "saa 12 asubuhi") na programu ibadilishe yenyewe. Ukiona watu wengi wameamka mchana, umeshajua kilichotokea.

Kauli za kukubali au kukataa zigawe mara mbili: kwanza "unakubali au hukubali?", halafu "sana au kidogo?" Ngazi tano zikisomwa kwa mpigo huleta "ndiyo" mfululizo. Epuka ukanushi: "Si vizuri mwanaume kutopika" hata msomi atasimama.

Hatua ya 5: Jaribu

Kaa na watu 10 hadi 15, Me na Ke, wazee kwa vijana, uwaulize wamelielewaje kila swali. Baada ya hapo fanya jaribio la watu kama 50. Swali ambalo karibu wote wamejibu sawa halitatenganisha mtu na mtu, libadilishe. Kwa mizani yenye maswali kadhaa, kokotoa alfa ya Cronbach (namba inayoonyesha maswali yanavyoshikana) kwa Me peke yao na Ke peke yao: chini ya 0.70 kwa kundi moja tu maana yake maswali hayashikani kwao, na hapo usilinganishe wastani wa makundi hayo.

Hatua ya 6: Uwandani

Pima presha kabla ya maswali ya ndoa na hela, si baada yake. Swali la "neno la mwisho" linaweza kuipandisha. Fuata STEPS, mwongozo wa WHO wa tafiti za magonjwa yasiyoambukiza: apumzike dakika 15, vipimo vitatu, wastani wa viwili vya mwisho. Mhojaji awe wa jinsi moja na mhojiwa, na kuwe na safu ya "nani mwingine alikuwepo". Mama mkwe akiwa kibarazani, majibu ya uamuzi hubadilika.

Hatua ya 7: Uchambuzi

Kwanza chora mgawanyo wa kila kigeu cha jinsia kwa Me na Ke kwenye grafu moja. Kwa kawaida vilima viwili hupishana, na eneo la kupishana ndilo linalokuruhusu kutenganisha jinsi na jinsia. Visipopishana kabisa, rejeresheni (hesabu ya kutenganisha mchango wa kila kigeu) haitakusaidia. Sema hivyo kwenye ripoti.

Kisha jenga modeli kwa mpangilio: jinsi peke yake, jinsi pamoja na vigeu vya jinsia, mwisho mwingiliano wao (kama athari ya kigeu cha jinsia inatofautiana kati ya Me na Ke). Angalia namba inayoonyesha athari ya jinsi inavyopungua au kubaki. Mwingiliano hula sampuli: ukiwa na ukubwa sawa na athari kuu unahitaji watu takriban mara nne.

Utashawishika kuunganisha vigeu vyote vya jinsia kuwa alama moja. Utafiti wa GENESIS-PRAXY wa Kanada ulifanya hivyo kwa wagonjwa wa moyo wa miaka 18 hadi 55: vigeu saba, vikiwemo kipato, saa za kazi za nyumbani na msongo wa nyumbani, vikawa alama ya 0 hadi 100. Matokeo ya mwaka 2016 yalionyesha kwamba waliokaribia zaidi majukumu na sifa zinazohusishwa na wanawake walirudiwa na ugonjwa zaidi ndani ya miezi 12, wawe Me au Ke. Ni kazi muhimu. Lakini alama hiyo hujengwa kwa kufunzwa kubashiri jinsi, kwa hiyo huacha kigeu chochote ambacho Me na Ke wanafanana, hata kama ndicho kinachozuia watu kumeza dawa. Tena haikuambii urekebishe nini: muda wa kliniki, au hela. Tumia vigeu vyenyewe, kimoja kimoja.

Kwenye ripoti fuata SAGER, miongozo ya mwaka 2016 ya kuripoti jinsi na jinsia katika utafiti: jedwali la Me na Ke hata pasipo tofauti, na tamko la wazi ulipima jinsi, jinsia au vyote. Ambatisha dodoso la Kiswahili kama lilivyoulizwa, pamoja na maswali ya nyongeza ya mhojaji.